Kaskazi Imeingia, Nisikilizeni

Wanangu, kila kaskazi nayasema haya, nanyi hunijibu, "Tumesikia, Babu." Kisha saa saba mchana nawaona juani, vichwa wazi, mnabeba matofali. Nitayasema tena, mradi pumzi ipo.

Msilidharau joto la Dar es Salaam kwa kuwa kipimo cha Februari kinasoma 32 au 33. Mwili hupoa pale jasho linapokauka, na hewa yetu imejaa unyevu wa bahari. Jasho linatiririka, halikauki. Usiku nao hautupi nafuu ya maana. Kazi nzito ifanyeni alfajiri, au jioni jua likishapoa, na maji mnywe kabla koo halijakauka. Aliyetoka jasho siku nzima ale na kitu chenye chumvi.

Kiyoyozi hatuna, tusikiote. Tutazame nyumba. Wazee wa Mji Mkongwe, Unguja, walijenga kuta nene za mawe na chokaa, na vichochoro vyembamba jua lisipate kufika chini. Kwetu tuliezeka makuti. Ninyi mmeweka bati bila dari, chumba kina dirisha moja, na mwarobaini mkaukata ili gari lipate pa kulala. Mchana bati linachoma, kuta za saruji zinakunywa joto lote, kisha usiku zinawarudishia mkiwa mmelala. Toboeni dirisha la pili ukuta wa pili, upepo upite. Pandeni mti upande wa magharibi. Bati lipakeni rangi nyeupe. Ahmedabad, kule India, mapaa ya nyumba za maskini hupakwa hivyo ili yarudishe jua lilikotoka.

Mtoto mchanga msimfunge kofia ya sufu na blanketi mwezi huu. Nimechoka kulisema hili, lakini kila mwaka namkuta mmoja kavikwa hivyo, uso umemwiva.

Linaloniumiza zaidi ni wazee. Mzee hasikii kiu kama ninyi. Mwili wake unakauka naye yuko kimya. Wengine wanameza dawa za presha zinazotoa maji mwilini, na hao inafaa wamuulize daktari. Agosti 2003, Ufaransa, joto liliua watu wapatao 15,000. Wengi walikuwa wazee, na wengi kati yao walikuwa peke yao ndani, mwezi ambao watu huenda likizo. Nchi ile ina hospitali na fedha nyingi kuliko sisi. Kilichopungua ni mtu wa kubisha hodi.

Mkimkuta mtu mwili unawaka moto, anapayapaya au haeleweki, msiseme ni malaria mkamfunika shuka. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na mwingine atafute gari la kwenda hospitali. Maji yamwagwe wakati huohuo gari linatafutwa, msisubiri kufika. Akiwa amezimia msimnyweshe kitu, kitampalia.

Sasa mmoja wenu aende kwa bibi wa nyumba ya tatu. Asimuulize kama ana kiu, atasema hana. Amfungulie dirisha, ammiminie kikombe cha maji, akae naye mpaka akimalize.