Ndama ni wa Nani?

Waborana wana neno: dabare. Wewe ukame umekumaliza, mimi nimebaki na ng'ombe kadhaa. Nakukabidhi mmoja aliyezaa juzi. Sijakuuzia, na sijakupa akawa wako. Unamchunga, unamnywesha, unamkama. Maziwa ni ya watoto wako na hakuna atakayekuja kuhesabu vikombe. Lakini akizaa tena, ndama ni wangu. Tukikutana mnadani baada ya miaka mitatu, kabla sijauliza utaniambia: yule mwenye doa alizaa mara mbili, dume aliliwa na fisi, jike yupo na amekua. Majirani zao Wagabra wana desturi hiyo hiyo kwa ngamia.

Nimekaa na neno hilo muda mrefu nikijaribu kulitumia kwa kitu ambacho waliolitunga hawakukifikiria. Data.

Kama umemaliza chuo Kenya hii na ukakaa mwaka mzima bila kazi ya maana, kuna uwezekano mkubwa umewahi kubeba tableti. Unalipwa kwa siku. Unapewa fulana na kofia, unapanda Land Cruiser alfajiri, unaingia boma la watu usiowajua na kuwauliza wana mbuzi wangapi, jana walikula mara ngapi, na kama siku hizi wanaona maisha hayana maana. Jioni unabonyeza "tuma", mnarudi hotelini kula chapati. Nimefanya kazi hiyo msimu mmoja, kaunti ya Isiolo, upande wa Kulamawe.

Tusichanganyane hapo, maana Kulamawe ziko mbili. Kuna mtaa wa mjini Isiolo, na kuna kituo cha mashariki, kwenye barabara ya kwenda Modogashe, ile ambayo Benki ya Dunia inasaidia kuiwekea lami kuelekea Mandera. Nazungumzia hiki cha pili. Jina linajieleza, na ukifika utaelewa hakuna aliyekuwa anafanya utani. Hii ni nchi ya Waborana wa Waso, watu waliotafitiwa muda mrefu. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Gudrun Dahl, kutoka Sweden, alichapisha kitabu kizima juu yao, Suffering Grass. Katika miaka ya 1980 Richard Hogg akaandika jinsi wafugaji hao walivyogeuzwa maskini wa kutegemea msaada. Kazi nzuri, sina ugomvi nazo. Ila jaribu kuzitafuta kwenye maduka ya Isiolo mjini, halafu uniambie.

Siku ya pili kule, mzee mmoja alisikiliza utangulizi wangu wote, ule tunaousoma kutoka kwenye skrini: kushiriki ni hiari, majibu yako ni siri, unaweza kuacha wakati wowote. Akakubali kwa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kijana wangu, wale wa mwaka jana waliandika nini?"

Fomu haikuwa na kisanduku cha swali hilo.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na naona sisi tuliosoma tumefundishwa maadili ya utafiti kwa nusu. Tunajua ridhaa. Kuna leseni ya NACOSTI chini ya sheria ya 2013, kuna kamati za maadili, na tangu 2019 kuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Yote hayo yanauliza swali moja: je, ulichukua kwa ruhusa? Ni swali zuri, lakini ni swali la siku ya kuchukua. Mzee alikuwa anauliza la siku za baadaye. Tena angalia kinacholindwa: mtu mmoja mmoja, jina lake, namba yake ya simu. Ndama huzaliwa baadaye, majibu ya watu mia tatu yakishachanganywa. Hapo hamna jina la mtu hata mmoja, lakini kinachosemwa kinawahusu wote, pamoja na wale ambao hawakuhojiwa kabisa.

Chukua malisho. Waborana wana dedha, eneo la malisho lenye wazee wake wanaoamua nani alishe wapi na msimu gani. Kisimani kuna abba herega wa kupanga zamu za kunywesha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wakiwemo wa IIED waliketi na wafugaji wa Isiolo kuchora ramani za kidijitali. Picha ya setilaiti inaonyeshwa ukutani, na wazee wanaonyesha kisima hiki ni cha nani, nyasi hizi ni akiba ya kiangazi, mifugo hupita hapa. Ramani zikaingia katika mipango ya kaunti, na hela za mfuko wa tabianchi zikaanza kufuata maamuzi ya kamati za wadi. Huyo ni ndama unayemwona kwa macho na kumshika masikio. Wazee walisema kitu, kitu kikarudi.

Lakini ramani inayomwambia mpangaji wa kaunti nyasi za mwisho ziko wapi inamwambia pia kila mtu mwingine. Na nyasi siku hizi zina bei hata kabla ya kuliwa. Kuanzia 2013, mradi wa kaboni wa Northern Rangelands Trust umehesabu kwamba malisho ya kaskazini yakitumiwa kwa mpangilio fulani, udongo huhifadhi kaboni zaidi, na tofauti hiyo inauzwa. Netflix na Meta ni kati ya walionunua. Mwaka 2023 Survival International walitoa ripoti ya kuupinga, wakisema mradi unadharau namna wafugaji wenyewe wamekuwa wakichunga. Verra, shirika linaloidhinisha hati hizo, likasimamisha utoaji wake ili kuchunguza. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, humu humu Isiolo, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila kushirikisha wananchi ipasavyo. NRT wenyewe husema pesa hurudi kwa hifadhi za jamii, na tuchukulie ni kweli. Bado swali la dabare liko pale pale. Kuambiwa "nimekutumia kiasi" hakutoshi. Mwenye ng'ombe anataka kujua alizaa mara ngapi.

Mambo ya akili ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Hojaji maarufu ya kupima sonona, PHQ-9, ina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. La tano ni la hamu ya kula. Sasa muulize mama aliyepitia misimu mitano ya mvua isiyonyesha, ile iliyoanza 2020, kama hamu yake ya kula imepungua. Mama mmoja alinitazama, akatazama sufuria, akacheka mpaka akaegemea mlango. "Hamu iko, mwanangu. Hamu ndiyo iko nyingi." Nikabonyeza "hapana kabisa", na mashine ikamhesabia kwamba upande huo yuko sawa.

Swali la tisa halichekeshi. Linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa, au kama umefikiria kujidhuru. Ukimuuliza mtu hivyo umeshatenda jambo, hata kama hujaandika herufi moja. Umemwambia kwamba kuna mtu duniani anayetaka kujua. Akijibu ndiyo, mwongozo unasema umpeleke kwa mhudumu. Sawa. Hospitali ya rufaa iko Isiolo mjini, nauli hana, mbuzi wa kuuza walikwisha. Kuna wanaosema basi tusiulize kabisa, na nawaelewa. Lakini tusipouliza hakuna takwimu, na bila takwimu hakuna waziri wa kaunti atakayeajiri mshauri hata mmoja. Kwa hiyo tunaomba watu watufungulie vidonda leo ili labda wengine watibiwe baada ya miaka kumi. Hilo ni ombi kubwa sana, bana, na mtu anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba ndilo anaombwa.

Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioacha ujuzi nyuma yao. Makueni, Africa Mental Health Research and Training Foundation ya Profesa David Ndetei iliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua dalili za maradhi ya akili kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mhGAP, badala ya kuwacheka. Watafiti wakiondoka, mganga anabaki, na mgonjwa alikuwa anaenda kwake tangu zamani. Zimbabwe, Dixon Chibanda alianza 2006 na bibi kumi na wanne wa Mbare, na hawakuanza na neno la vitabuni. Walianza na kufungisisa, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi. Ukisikia hilo neno unajua tayari ni kitu gani, si ndiyo? Utafiti wa kupima mabenchi ya bibi hao ulichapishwa katika JAMA 2016, lakini mabenchi yenyewe yalibaki yamejaa watu. Kiborana lazima kina neno lake la uzito huo. Hakuna fomu niliyoibeba iliyoliuliza.

Kwenye jeni hadithi inageuka kichwa chini, na mfano wetu mkubwa uko Nairobi. Tangu 1985, wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani, wamekuwa wakitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Canada. Iligunduliwa kwamba wachache wao hawakuambukizwa HIV hata baada ya miaka mingi ya kukutana na virusi. Matokeo yakatoka katika The Lancet 1996, na damu ile ikafungua njia ya tafiti za jeni na za chanjo hadi Oxford. Wanawake walipata kliniki, dawa, kondomu, na kliniki ile imeokoa watu. Lakini ona jinsi dabare ilivyopinduliwa: mwenye ng'ombe ndiye anayegawiwa maziwa, na ndama anakulia Ulaya.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Wahavasupai, kabila dogo la Arizona, Marekani, walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni ya kutafuta sababu za kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Mwaka 2003 waligundua kwamba damu hiyo hiyo ilitumika kuchunguza skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na njia ambazo mababu zao walipita kuingia Amerika. Mwaka 2010 chuo kikuu husika kikakubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zao. Ndama amezaliwa, amezaa, wajukuu wake wanatembea, na mwenyewe anapata habari kwa bahati tu.

Na karibu na kwetu? Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jeni za Waturkana, ambao wengine wao ni majirani wa Waborana hapa Isiolo. Ulitaja jeni iitwayo STC1 inayohusiana na jinsi figo zinavyotunza maji, na kueleza kwamba mwili uliozoea maisha ya jangwani unaweza kupata shida mtu akihamia mjini na kula kama watu wa mjini. Kwa kijana wa Kiturkana anayeishi kwa chipsi na soda, hiyo ni habari ya maisha yake. Watafiti walisema wanaandaa podikasti kwa Kiturkana ili kurudisha matokeo. Nilipoisoma hiyo nilifurahi kuliko nilivyofurahia jeni yenyewe.

Rafiki yangu anayesoma takwimu ananipinga. Anasema maarifa si ng'ombe. Nikikupa ng'ombe nimepungukiwa, nikikupa jibu langu bado ninalo, kwa hiyo hakuna deni. Anasema pia kwamba ukimtaka kila mtafiti arudi, tafiti zitapungua, na wa kwanza kuumia ni watu wa Kulamawe. Hoja ya pili ina uzito, maana safari inagharimu. Ya kwanza hapana. Yule mama hakubaki na kila kitu alichokuwa nacho. Alipoteza asubuhi yake, na mtu alipomuuliza kuhusu kufa, hilo swali lilibaki naye ndani ya nyumba baada ya gari kuondoka. Kuhusu kuwalipa wahojiwa sitasema mengi. Kilo ya sukari haijawahi kununua ndama popote.

Linalonitatiza mimi ni ndama kilema. Tuseme utafiti umepata kitu ambacho jamii isingependa kukisikia, au kitu ambacho jirani adui angependa sana kukisikia. Kina mama wa kijiji fulani wana sonona kuliko wa kijiji kingine. Ukoo fulani una jeni ya ugonjwa fulani, na kesho wasichana wake wanakosa wachumba. Je, hilo nalo lisomwe barazani mbele ya chifu na watoto? Nadhani wenyewe wanapaswa kuulizwa mapema, kabla ya sindano na kabla ya tableti: tukikuta jambo la aibu, mnataka tumwambie nani, na wapi? Wengine watasema waambiwe wazee watatu tu. Wengine watasema hawataki kujua, na hiyo ni haki yao.

Kisha kuna ndama aliyekufa. Utafiti mwingi haupati kitu, na majarida hayapendi kuchapisha "tulitafuta, hatukuona". Katika dabare hata kifo kinaripotiwa, tena upesi, kabla mwenye mali hajasikia kwa watu. Timu ya mwaka jana ingemwambia tu yule mzee kwamba data ziliharibika, au kwamba pesa ziliisha kabla ya kuandika, angekuwa na la kuwauliza wa mwaka huu. Sanasana ingegharimu siku moja ya gari, mafuta, mkalimani mmoja, na chai ya watu arobaini chini ya mti.