Kumlalamikia Mungu

Ikiwa umefiwa au unaugua, msomaji, huenda umeambiwa kwamba kumnung'unikia Mungu ni kufuru. Soma kwanza habari za Ayubu. Katika siku moja alipoteza kondoo 7,000, ngamia 3,000 na watoto wake 10. Kisha mwili wake ukajaa majipu. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku 7 bila ya kusema neno, na naona hilo ndilo jema kupita yote waliyoyatenda. Walipofumbua vinywa walimtetea Mungu: mateso haya, walisema, ni malipo ya dhambi. Ayubu hakukubali. Aliilaani siku aliyozaliwa, akadai Mungu amjibu. Maneno yake yalikuwa makali, na mengine yalipita kiasi. Lakini aliyanena mbele ya Mungu mwenyewe, hali wenzake walinena habari za Mungu tu, wala hatusomi popote kwamba walimwomba. Mtoto aliyeumia humlilia mzazi wake; akiisha kumkatia tamaa hunyamaza. Mwishoni Ayubu alikemewa kwa kusema asiyoyajua, wala hakuelezwa sababu ya mateso yake. Hata hivyo, Mungu aliwakasirikia wale waliomtetea, ikawapasa kumwendea Ayubu awaombee.