Lawama ni ya Nani: ya Kirusi, ya Mbwa, au ya Mwenye Mbwa?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wafugaji huweka mbwa walinde ng'ombe na maboma. Mbwa mmoja akishikwa na kichaa akamng'ata mtoto wa jirani, lawama ni ya nani? Suala hili halijibiki mpaka tujue kwanza ugonjwa wenyewe ni kitu gani.

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Seli hula, hukua, kisha hugawanyika zikawa mbili. Kirusi si hivyo. Hakili, hakipumui, wala hakizai peke yake. Kirusi cha kichaa ni maagizo machache ya urithi yaliyofungwa ndani ya protini, na juu yake utando wa mafuta. Virusi 5,000 vikipangwa kwa urefu havitimizi milimita moja. Nje ya seli hakitendi neno. Kikiingia, huitumikisha seli imtengenezee wenziwe. Hufuata mishipa ya fahamu hata ubongoni, kisha huteremka katika mate, ndipo mbwa hung'ata.

Basi kirusi hakina nia, na mbwa mgonjwa ameharibikiwa ubongo. Aliyebaki na akili ni mwanadamu, na taklifu humfuata mwenye akili.

Huenda mtu akasema: mbwa ni najisi, mimi sina haja naye. Twamjibu: hukumu ya najisi ni ya kutwaharisha, haiondoi haki ya jirani. Tena ni mashuhuri kwetu hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Na njia ipo. Wataalamu wamethibitisha kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Na mbwa wa vijiji vingi vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti wamechanjwa kwa ajili hiyo. Hata kwetu visiwani, kichaa kilikoma Pemba mwaka 2014 kwa chanjo, kikarudi mwaka 2016 kwa mbwa waliotoka nje, kikakomeshwa tena mwaka 2018. Basi asidhani mtu wa pwani kwamba habari hii ni ya bara peke yake.

Ambaye chanjo haikumfikia hana lawama ya kutochanja, bali yampasa kumfunga mbwa wake na kutoa habari. Lakini aliyeitwa akapuuza, dhamana ni yake.

Na aliyeng'atwa aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni, dakika 15, kwani sabuni huyeyusha ule utando wa mafuta. Kisha aende hospitali siku ile ile achanjwe. Dalili zikishadhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Anayemwona mwenziwe akingoja, naye asinyamaze.