Nani Ampishe Mwenzake?

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, iko sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtoto anaijua. Hamali akitokea na gari lake la mkono limejaa magunia, watu hujibana ukutani ili apite. Tajiri hujibana, sheikh hujibana, na bibi mwenye heshima zake hujibana. Si kwamba hamali ni mkubwa kuliko wao. Wao wana pa kusogea, yeye hana. Mwenye nafasi ndiye apishe, na cheo cha mtu hakiulizwi.

Ndugu wasomaji, tunaileta sheria hii leo kwa sababu tuliikumbuka mbali sana na Mji Mkongwe, juu ya mlima, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza mpaka wake uko wapi. Je, inatuhusu sisi wanadamu tu, au na wanyama pia wamo?

Mwezi wa Disemba jamaa zetu wanaoishi Uingereza walikuja Oman, wakakodi gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, tukazunguka nao pande za Dakhiliya. Tulilala karibu na Nizwa. Tuliwapeleka kuuona mfereji wa Falaj Daris, ambao UNESCO iliuingiza pamoja na mingine minne katika urithi wa dunia mwaka 2006, na Ijumaa asubuhi tukasimama kwenye mnada wa mbuzi. Kesho yake gari lile zito tuliliacha Al Hamra, tukapanda Jabal Shams kwa magari yanayoweza mlima, mpaka kijiji cha Al Khitaym. Hapo ndipo inapoanzia njia ya miguu inayoambaa ukingo wa Wadi Nakhr hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, ambacho nyumba zake za mawe bado zimejificha chini ya jabali. Mkono mmoja una ukuta wa jiwe; mkono wa pili una bonde ambalo kina chake ni karibu kilomita nzima.

Njiani tulikutana na wenyeji. Mjusi mwenye kichwa cha buluu alikaa juu ya jiwe akitutikisia kichwa kama mzee asiyekubaliana na hoja. Tumbusi weupe wenye uso wa manjano, ambao wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, walipita chini yetu, hata tukaona migongo yao. Kisha, mahali njia iliposinyaa, likatokea kundi la mbuzi, na nyuma yao punda. Mmoja wetu akasema wafukuzwe warudi walikotoka, kwani binadamu ndiye mwenye haki ya njia. Mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, akamjibu: "Mwanangu, wewe unao ukuta wa kuegemea. Huyu punda ageukie wapi?" Tukajibana jiweni, wakapita.

Lakini mnyama aliyetushughulisha zaidi ni yule ambaye hatukumwona. Katika milima hii ya Hajar yuko mbuzi mwitu ambaye Waarabu humwita wa'al. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1894, na jina lake la kisayansi linatokana na Jayakar, daktari wa Kihindi aliyefanya kazi Maskati. Mwaka 2005 uchunguzi wa nasaba yake ulionyesha kuwa yeye ni ukoo wa peke yake, si ndugu wa karibu wa wale wa Himalaya waliodhaniwa kuwa jamaa zake. Haishi popote pengine duniani ila katika milima ya kaskazini mwa Oman na ya jirani zetu wa Imarati. Tena si kama wanyama wa jangwani wanaovumilia kiu kwa muda mrefu. Wakati wa joto hulazimika kushuka kwenye maji mara kwa mara, na hapo kwenye maji huwakuta mbuzi wa kufugwa, watu na kelele zao.

Basi hapa ndipo penye mas-ala. Wa'al ana mlima mmoja. Mbuzi wa kufugwa ana dunia nzima. Kwa sheria ya kichochoro, jibu lingekuwa jepesi: mbuzi apishe. Lakini mbuzi yule ana mwenyewe. Mzee wa mlimani anayewafuga, mbuzi ndio benki yake, ndio mahari ya mwanawe na dawa ya mkewe. Kumwambia aondoe mifugo yake ili apite mnyama ambaye sisi wa mjini tunataka kumpiga picha, hiyo ni dhuluma iliyovaa nguo ya huruma.

Wako wanaoishia hapo, wakasema: binadamu ni bora, mnyama na atafute pake. Hatukubaliani nao. Ubora wa binadamu, kama upo, ni huo wa kuweza kuchagua. Wa'al hawezi kuamua kuhamia Salala. Punda hawezi kuegemea ukuta kwa hiari yake. Anayeweza kuamua ndiye anayeulizwa.

Kosa ni kuisoma sheria nusu. Haisemi tu kwamba mfugaji ana nafasi kuliko wa'al. Inasema pia kwamba sisi tuna nafasi kuliko mfugaji. Msafiri mwenye gari la kulala anaweza kulala popote. Haimlazimu kulala penye maji. Mwenye mshahara Maskati au London anaweza kulipa ili mfugaji asipate hasara. Kupisha kuanze kwa aliye na njia nyingi, ndipo kufike kwa aliye na moja.

Hayo yameshajaribiwa hapa hapa Oman. Choroa mweupe, ambaye Waarabu humwita maha, alimalizwa na wawindaji mwaka 1972. Aliporudishwa mwaka 1982 katika jangwa la Jiddat al-Harasis, waliopewa kazi ya kumlinda ni Waharasis wenyewe, wafugaji wa pale pale, na wakamlinda kwa fahari. Baadaye waliharibu watu waliokuwa tayari kulipa fedha nyingi ili wapate choroa hai. Idadi ikaporomoka, na mwaka 2007 mahali hapo pakawa pa kwanza duniani kufutwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Mwenye njia moja alipisha. Mwenye njia nyingi ndiye aliyekataa.

Sisi tulio wengi asili yetu ni kule Visiwani, na tunalo jambo la nyumbani la kukumbuka. Unguja ilikuwa na chui wake. Katika miaka ya 1960 alisakwa pamoja na waliodaiwa kuwa wachawi wanaomfuga, na leo watafiti wengi wanaamini ametoweka. Miaka hiyo hiyo, baada ya 1964, wengi wa jamaa zetu walipanda majahazi na meli. Tukaanza upya Maskati, Dubai, Portsmouth, Toronto. Iliuma, lakini tuliishi, tukazaa, na lugha tukaja nayo. Chui hakuwa na jahazi.

Ndiyo maana tunadhani mas-ala haya ni yetu kuliko ya wengine. Sisi tunajua kwa miili yetu kwamba mtu akihama huweza kuishi. Basi tusijifanye hatuna pa kusogea.

Mkija msimu wa baridi, kama wengi mnavyofanya, karibuni sana milimani. Lalani mbali na madimbwi ya maji, hata kama mandhari hapo ni nzuri. Msiwape mbuzi maganda na mkate, wana mwenyewe. Taka rudini nazo. Mkinunua mbuzi Nizwa, msipunguze bei mpaka muuzaji aone haya. Na mkizunguka siku nzima msimwone wa'al, msisikitike. Pengine alikuwa juu yenu, akingoja mpite apate kunywa.