Udhaifu wa Ngoma Si Kasoro

Chumvi ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, ilikuwa ikisafiri tangu kabla ya wakoloni, kwa mitumbwi na vichwani mwa wachukuzi, ikavuka kwenda Kongo, Toro na Ankole. Katwe na Kabatoro zimekua juu ya biashara hiyo. Gunia la chumvi likizama njiani, mwenyewe akalipwa gunia jingine la daraja lilelile, ametendewa haki na hana la kudai zaidi. Mafakihi wa Kiislamu waliitenga mali ya namna hii, yenye mfano wake sokoni, na mali isiyo na mfano, ambayo ikiharibika hairudishwi kwa kupima bali hukadiriwa jinsi ilivyokuwa yenyewe. Tofauti hiyo ni ya kale na ni ya busara, na usafiri wa anga umeipuuza karibu tangu ulipoanza. Mkataba wa Warsaw wa 1929 uliuthamini mzigo uliokabidhiwa kwa mizani: faranga 250 kwa kila kilo. Mkataba wa Montreal wa 1999 uliiweka kando mizani kwa mizigo ya abiria, ukaweka kikomo kimoja kwa kila abiria, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chini ya kikomo hicho nguo, viatu na ngoma ya urithi vimo katika kapu moja.

Kikundi cha ngoma kutoka Kabatoro au Bwera, wilayani Kasese, kinapoalikwa ughaibuni, hushika barabara ya Kikorongo, kikaenda mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe, na huko ala zake huwekwa juu ya mkanda wa mizigo na kupotea machoni. Hapo huzaliwa swali ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la sheria: mtu akipokea kitu dhaifu huku akijua ni dhaifu, je, udhaifu huo unampunguzia wajibu au unamwongezea? Ibara ya 17 ya Mkataba wa Montreal inaelekea kusema unampunguzia. Inamwajibisha mchukuzi kwa mzigo aliokabidhiwa, kisha inamvua wajibu kwa kadiri ambayo madhara yametokana na kasoro, hali ya asili au ubovu wa mzigo wenyewe. Kwa nyanya zilizoiva kupita kiasi, kanuni hiyo ni ya haki. Zingeoza hata zikibaki nyumbani. Ikipelekwa kwenye ala ya muziki bila kufikiri, inageuza sifa kuwa hatia.

Itazame ngoma kwa karibu. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, na kadiri inavyokauka ndivyo inavyojikaza juu ya mzinga. Ingekuwa nene na ngumu kiasi cha kutopasuka kamwe, isingelia. Siku ya mvua hulegea, na wapigaji huianika juani au kuisogeza karibu na moto mpaka sauti irudi. Ngozi inayoitikia hewa ya nyumbani kwa namna hiyo ndiyo hiyohiyo itakayoitikia ukavu wa ndege iliyo angani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Endara, yale marimba makubwa ya Wakonzo, ni hivyohivyo kwa njia yake. Fundi wa marimba akitaka sauti ya kibao ishuke, hukikwangua kidogo upande wa chini, katikati. Akitaka ipande, hukipunguza nchani. Kati ya kibao kilichopatana na wenzake na kile kilichopotoka pana ganda jembamba la mbao, na sikio la fundi aliyejua pa kukomea. Kibao kimoja kikipata ufa, vyote vilivyolinganishwa nacho vimeingia pengo. Kumwambia mwenye endara kwamba vibao vyake vimeharibika kwa sababu ya hali yao ya asili ni kumwambia kwamba kosa lao ni kuwa vibao vya endara.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Udhaifu wa ala hautoki nje ukaidandia. Ndio unaoifanya iwe ala, na anayekubali kuibeba amekubali na udhaifu wake. Wajibu wa mtunzaji hufuata maumbile ya kitu alichopokea. Hili si wazo geni kwa watu wa Kasese, ambako Mkristo na Mwislamu ni majirani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamtaja mtu aliyempa jirani yake mnyama amtunzie. Mnyama akifa au akivunjika bila mtu kuona, mtunzaji huapa mbele za Bwana. Akiibwa mikononi mwake, hulipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, huleta mabaki yawe ushahidi. Kinachonigusa katika sheria hiyo kuliko kiwango cha malipo ni kwamba mtunzaji haruhusiwi kunyamaza. Anadaiwa maelezo, na maelezo hayo huyatoa mbele ya Mungu na mbele ya mwenye mali. Qurani nayo, katika Sura An-Nisaa aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na mafakihi walibishana kwa kina juu ya fundi au mchukuzi anayepokea mali za watu wengi kwa ujira. Abu Hanifa aliona kwamba mali iliyo mkononi mwake ni amana, hivyo halipi ikipotea bila tendo lake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, waliona kwamba analipa, isipokuwa pale balaa lilipokuwa halizuiliki, kama moto mkubwa au uvamizi wa adui. Ninawaunga mkono hao wawili. Anayepokea mizigo ya umati kwa malipo ndiye pekee anayejua kilichotokea nyuma ya pazia, na kumtaka mwenye mali athibitishe uzembe ambao hakuweza kuuona ni kumnyima haki kabla kesi haijaanza.

Katika vitabu vya Kihanafi pana suala jingine linalofaa kutajwa hapa: mtu akivunja ala ya muziki ya mwenzake, analipa nini? Abu Hanifa alisema analipa thamani yake kama mbao tu, bila thamani ya kupigwa muziki. Alikuwa na sababu zake za kidini, kwani ala za pumbao hakuzipa heshima, na msomaji anaweza kuzikubali au kuzikataa. Wachukuzi wa leo hawana sababu hizo. Wao huuza tiketi kwa wanamuziki, tena wengine hupamba matangazo yao kwa picha za wapiga ngoma wa Afrika, lakini siku ya hasara ngoma hurudi kuwa mbao na ngozi.

Yaliyompata Ballaké Sissoko, mpiga kora wa Mali, yanaonyesha amana inavyokufa mikononi mwa wengi. Februari 2020 alisafiri kutoka New York kwenda Paris. Kora ni buyu kubwa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, lenye shingo ndefu na nyuzi 21. Alipofungua kasha nyumbani, alikuta shingo imeng'olewa, nyuzi na daraja vimetenganishwa, na ndani mna karatasi ya wakaguzi wa usalama wa Marekani. Mamlaka ya ukaguzi ikasema haikulifungua kasha lile. Pima jambo hilo kwa sheria ya Kutoka: hakuna aliyeapa, hakuna aliyeleta mabaki na kusema haya ndiyo yaliyotokea. Kora ilipitia mikono kadhaa na hakuna hata mmoja uliokiri kuwa mtunzaji wake. Fedha zisingeliponya jeraha hilo, kwa kuwa kilichokosekana ni mtu wa kujibu.

Hata hivyo si kila uharibifu ni dhuluma ya aina moja. Desemba 2013 mizigo ya Boujemaa Razgui, mpiga nai, ilipopitia New York, maofisa wa forodha waliziangamiza filimbi zake za matete, alizozitengeneza kwa mikono yake, kwa kuwa waliziona ni mimea mibichi iliyopigwa marufuku. Serikali ina haki ya kuzuia mimea mibichi. Waganda wanalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ulioonekana nchini mwaka 2001, umekausha mashamba ya watu waliotegemea matoke. Kosa la New York lilikuwa kuangamiza kwanza na kuuliza baadaye. Kuzuia mzigo, kuuweka kando na kumwita mwenyewe aulizwe kungelinda mashamba ya Marekani sawasawa.

Na hapa wajibu wa mwenye ala unaingia, nami siuchukulii kuwa mdogo. Endara yenyewe inafundisha namna ya kusafiri. Vibao vyake hulazwa juu ya vigogo vibichi vya migomba, na vigogo hivyo si vya kusafirishwa; hukatwa pale ngoma inapochezwa, na palipo baridi pasipoota mgomba, kamba nene ya majani makavu au sponji hushika nafasi yake. Kinachopanda ndege ni vibao tu, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa ili visigongane. Mwenye ala ya nyuzi hulegeza nyuzi kidogo, si zote kabisa, ili shingo isivutwe kupita kiasi. Mwenye ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge wa maji ajue kwamba mnyama huyo yumo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na kwamba ngoma hiyo inaweza kuhitaji kibali mpakani. Kabatoro imezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui wanyamapori wana sheria. Nchi wanachama wa CITES zilikubaliana Bangkok mwaka 2013 juu ya hati maalumu ya ala zinazovuka mipaka mara kwa mara, na hati hiyo huombwa kabla ya safari, si dirishani. Zaidi ya yote, ala ipigwe picha ndani na nje kabla ya kufungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeficha kwamba sanduku lake lina kitu cha kuvunjika hana haki ya kulalamika kwamba halikubebwa kama kitu cha kuvunjika. Amana huanza kwa mwenye kuitoa kusema ukweli wa anachokitoa.

Mchukuzi atajibu kwamba anabeba mamilioni ya masanduku na hawezi kujua siri ya kila moja, na kwamba akiitunza kora kwa namna ya pekee, gharama itamwangukia mkulima anayesafiri na begi la nguo. Pingamizi hilo lina uzito, lakini mkataba uleule umeshalitatua: Ibara ya 22 inamruhusu abiria atamke thamani maalumu ya mzigo wake wakati wa kuukabidhi na alipe nyongeza, na kikomo kikapanda kufuata tamko lake. Gharama inamwangukia anayeihitaji. Tatizo ni kwamba jambo hili halitangazwi vya kutosha, na ni wanamuziki wachache wanaolifahamu. Tena Marekani ilipitisha sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015, kwamba ala ndogo ipokelewe ndani ya chumba cha abiria ikiwa pana nafasi, na ala kubwa, hadi paundi 165, yaani kama kilo 75, inunuliwe kiti ikiwa inaweza kufungwa kwa usalama. Ndege za huko bado zinaruka.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mtu wa imani, si kwa mfanyabiashara. Juni 2023 wauaji walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu na Bwera, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Katika wilaya iliyozika watoto hivyo, kuandika kurasa juu ya ngozi na mbao si kukosa haya? Na kukipenda kitu kiasi hiki, si mlango wa ibada ya sanamu? Ngoma si mtu, na anayeililia kama mtu amepotea. Lakini waliozika wanajua vizuri kuliko wengine kwamba vipo visivyo na badala, na kwamba kuitwa kupokea fedha si kujibiwa. Kumwomba mchukuzi atunze na aeleze hakumpokonyi mfiwa chochote. Sanamu huabudiwa kwa ajili yake yenyewe. Endara hailii mpaka watu kadhaa wasimame pamoja juu yake na wengine waje kusikiliza na kucheza.

Wapo pia watakaosema kwamba desturi ya kukienzi chombo cha zamani ni ya Ulaya na vinanda vyake vya karne ya 17, ilhali kwetu endara ikichakaa huchongwa nyingine. Ni kweli kwamba kwetu ala hufa na kuzaliwa upya, na naipenda desturi hiyo. Lakini fundi anayechonga mpya huhitaji sikio lililozoea ile ya zamani, na mara nyingi huiweka kando yake, akigonga kibao hapa na kibao kule mpaka vikubaliane. Mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann alirekodi muziki wa Uganda kati ya 1949 na 1954, na nakala za rekodi hizo zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni hazina, ila utepe haumwonyeshi fundi unene wa mbao. Ala ya zamani ikivunjika kabla mpya haijachongwa, mfululizo umekatika.

Basi ninawaomba wanaoviongoza vikundi vya ngoma vya Kasese, Bwera na Kabatoro walidai tamko la thamani pale Entebbe kwa jina lake, kabla ya kuachia kasha, na wakatae kuondoka bila karatasi yake. Ala ikifika imeharibika, malalamiko yaandikwe papo hapo uwanjani: Ibara ya 31 inatoa siku 7 tu tangu mzigo ulipopokelewa, na baada ya hapo madai hayasikilizwi.