Mwenye Mfuko Tumboni Asimame Safu Gani?



Kuna mtu ambaye kinyesi chake hakitoki tena kwa njia ya kawaida. Kinatoka kwenye tundu alilofunguliwa na daktari tumboni, kinaingia katika mfuko, naye hana uwezo wa kukizuia. Nafasi yake ni ipi katika jamaa ya Waislamu? Siulizi kama swala yake inasihi, maana hilo lina jibu na nitalitaja. Nauliza kama tunamtaka safuni.

Mimi nimekuwa mtu huyo. Utumbo wangu mpana ulijisokota nilipokuwa likizo nyumbani, katika kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Maradhi haya si mageni Afrika Mashariki. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hujizungusha kama kamba, damu ikakosa kupita, na mgonjwa akichelewa utumbo hufa ndani yake. Kisiwani kwetu hakuna daktari wa kupasua. Nilibebwa kwa mashua ya injini, kusi likiwa limechacha, hadi Kismayo, na huko kipande kilichooza kikakatwa. Utumbo uliovimba si salama kuungwa siku ile ile, kwa hivyo ncha ya juu ilitolewa nje, upande wa kushoto wa tumbo. Nilikaa hivyo miezi saba.

Siku za mwanzo wodini, kila mtu alikuwa akingoja kitu kimoja tu: upepo. Matumbo yakishapasuliwa hulala, na dalili ya kuamka kwake ni upepo kutoka. Muuguzi huuliza asubuhi na jioni bila haya yoyote. Jambo lile lile linalotufanya tutoke safuni kimya kimya tukatawadhe upya, likitokea wodini watu husema alhamdulillahi kwa sauti. Nilicheka, nikajuta, kwa sababu kucheka na mshono mbichi ni adhabu.

Kisha ukaja uji, ukaja mchuzi, ukaja wali laini. Nikakatazwa kunyanyua kizito kwa wiki sita, na katika nyumba ya watu wa nyavu na nanga amri hiyo ni sawa na kuambiwa kaa uwatazame wenzako wakila. Samaki huzidisha harufu ya kinachotoka, na kwetu kitoweo ni samaki. Mifuko iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ilikuwa adimu. Mama alikata mifuko ya nailoni, akaifunga kwa vipande vya leso, na ngozi ikachubuka kwa wiki nyingi. Niliziomba duwa zote ninazozijua, na iliyokuja mdomoni mara nyingi zaidi ni ile ya kuomba mfuko usifunguke mbele za watu.

Watu walinihurumia. "Swali nyumbani, mwanangu, Mwenyezi Mungu amekuondolea uzito," waliniambia wazee, na kisheria walisema kweli, kwani ugonjwa ni udhuru. Lakini Ijumaa zilipopita nyingi niliona kwamba hakuna tena aliyenitarajia. Ruhusa ilikuwa imegeuka mpaka, na hakuna mtu aliyeuchora kwa makusudi.

Kwa kuwa sisi wa mwambao huu ni Mashafii, nilitaka kujua vitabu vyetu vinasemaje. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameandika katika Minhaj at-Talibin kuhusu mtu ambaye njia yake ya kawaida imeziba na tundu likafunguka chini ya tumbo la chakula: kinachotoka hapo kwa desturi kinavunja udhu. Nilisoma nikatua. Miaka zaidi ya mia saba kabla ya daktari wangu, mwanachuoni amekaa Sham akaufikiria mwili kama wangu, akautafutia hukumu, bila kugeuza uso.

Na anayetokwa na hadathi daima naye ana njia yake. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) waziwazi juu ya damu isiyokatika, naye hakumfukuza katika swala, alimfundisha namna ya kuswali. Wanazuoni wetu wakajenga juu ya hapo: mwenye hali hiyo ajisafishe, afunge, atawadhe baada ya wakati kuingia, aswali faradhi moja kwa udhu huo na sunna azitakazo. Asicheleweshe. Ila, anasema Nawawi, akichelewa kwa maslahi ya swala, kama kungojea jamaa, haidhuru.

Kungojea jamaa! Maana yake ni kwamba mtungaji, alipokuwa akiandika, alimwona mtu huyu akienda msikitini. Tena kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu, mzima anaweza kuswali nyuma ya asiyeweza kuzuia mkojo. Mahanafi hawakubali hilo la uimamu, na wana hoja zao. Ila mjadala wao ni kama anaweza kusimama mbele yetu. Sisi tumefika mahali pa kusita kama asimame kando yetu.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti, na wanazuoni wakamweka pamoja naye mwenye jeraha linalonuka. Jirani yangu katika sijda ana haki ya pumzi yake. Siku mfuko ulipovuja nilibaki nyumbani, na ningefanya hivyo tena. Lakini hukumu hufuata sababu yake. Mfuko mzuri uliobandikwa sawasawa hautoi harufu. Harufu ikiisha, kinachobaki ni kwamba watu wanajua, na kujua kwa watu sijaona popote kikihesabiwa najisi.

Angalieni Saad bin Muadh (r.a.). Alipigwa mshale vitani Khandaq, na Mtume (s.a.w.) akaagiza ajengewe hema ndani ya msikiti ili amzuru kwa karibu. Jeraha likapasuka, damu ikawatiririkia watu wa hema la pili mpaka wakauliza ni nini hiki kinachotujia. Mgonjwa alikuwa amewekwa pale pale ambapo mimi niliambiwa nipumzike mbali napo. Na Umar (r.a.), alipochomwa kisu tumboni mwaka 23 Hijria, alinyweshwa maziwa yakatoka kwenye jeraha. Utumbo wake ulikuwa wazi. Aliswali Alfajiri ile damu ikimtoka.

Kuna neno jingine lililonilemea: subira. Nililiambiwa kila siku, na mara nyingi lilikuwa na maana ya nyamaza. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, akasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na hakuna anayemtoa katika wenye kusubiri. Mimi nililia zaidi baada ya mshono kufunga kuliko kabla, usiku, nikiosha leso. Sioni kwamba kilio kile kilipunguza kitu katika imani yangu. Kilichopunguza ni kukaa peke yangu.

Haya ni sehemu ya imani, nami naitetea: kufunika mwili wangu, kutomsimulia kila mtu. Aibu ni kitu kingine. Haya ilinifundisha kuvaa kanzu pana nikaenda msikitini. Aibu iliniambia nisiende.

Utumbo wangu umeshaungwa. Wapo ambao wao hautaungwa maishani, na katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi huenda mmoja wao anasoma ukurasa huu. Anachohitaji ni kidogo: karibu na mahali pa kutawadhia, choo kimoja chenye komeo la ndani, mpira wa maji unaofanya kazi, ndoa ya kutundikia kanzu na pipa lenye kifuniko. Nimeangalia vyoo vya msikiti wetu wiki hii. Komeo lipo kwenye mlango mmoja kati ya minne, na pipa hakuna.