Anayepanga Lindo

Katika jeshi la Marekani, afisa mwenye uhusiano wa kimapenzi na askari wa vyeo vya chini anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kosa hilo liliorodheshwa waziwazi katika mwongozo wa mahakama hizo mwaka 1984, na adhabu yake yaweza kufika kufukuzwa jeshini na kifungo cha miaka miwili. Tulipolijadili kwenye semina ya maadili, wenzangu wengi walisimama na wapenzi. Watu wazima wawili wameridhiana, walisema. Jeshi linatafuta nini chumbani kwao?

Mimi naona hesabu hiyo imemsahau mtu. Yupo wa tatu: askari anayelala hanga moja na huyo mpenzi wa afisa. Afisa ndiye anayepanga nani akeshe lindoni, nani apate likizo, nani atangulie kwenye barabara inayodhaniwa kutegwa mabomu. Askari huyo hawezi kukataa amri. Anachoweza kudai ni kimoja tu: asitumwe hatarini kwa sababu kuna mwingine ambaye afisa hana moyo wa kumtuma. Na hata afisa akiwa mwadilifu kabisa, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kikosi kitajua, na kila amri itatiliwa shaka.

Halafu kuna hiyo ridhaa yenyewe. Mtu unayempigia saluti asubuhi akikualika chakula cha jioni, kumkatalia si jambo jepesi. Ndiyo maana naona ni haki kwamba kosa hilo, kama lilivyo kwenye mwongozo, ni la afisa. Mwenye nguvu zaidi ndiye abebe mzigo wa kujizuia.

Lakini sikubali marufuku yote. Kwa miaka mingi Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliwavumilia wapenzi wa vyeo tofauti ilimradi mmoja hakuwa chini ya amri ya mwenzake. Mwaka 1999 likawakataza hata hao. Waliokuwa tayari pamoja wakapewa hadi tarehe 1 Machi 2000 wafunge ndoa au waachane. Watetezi husema cheo hakiishii kwenye kikosi kimoja, na uhamisho unaweza kuwakutanisha kesho. Ni kweli, lakini uhamisho huohuo unaweza kuwatenga kazini bila kuvunja mapenzi yao. Tena, kama hofu ilikuwa upendeleo, cheti cha ndoa kingeiondoaje? Nani hupendelewa kuliko mke au mume?

Hapo nahisi harufu ya jambo la zamani zaidi. Uingereza, hadi mwaka 1871, vyeo vingi vya uafisa vilinunuliwa kwa fedha. Afisa alikuwa mtoto wa wenye nacho, askari mtoto wa maskini, na mpaka kati yao ulilinda tabaka kabla ya kumlinda yeyote lindoni.

Kwa hiyo kila nikutanapo na katazo la namna hii huuliza linamlinda nani. Swali hili si la wanajeshi peke yao. Muhula ujao nitaanza kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengine rika langu kabisa. Nikimpenda mmoja wao, sisi wawili tutakuwa na mengi ya kuambiana. Anayekaa kiti cha nyuma, akisubiri alama zake kutoka mkononi mwangu, hatakuwa na wa kumuuliza.